Dullah na Jezi za Veretenko

Kijiwe chetu cha Sanyuanli ni ukingo wa saruji mbele ya ofisi ya mizigo, na kahawa ni ya Bi Fathiya, anayeichemsha chumbani kwake juu na kuteremka nayo kwenye chupa. Mwaka huu wa tisini na nane tumebishana mengi pale, ila jana Dullah alitutia wazimu. Mtaji wake wote kautia kwenye jezi za kipa, zote zina jina la Veretenko, kipa wa Ukraine aliyestaafu mwaka jana. Laobani, yaani bosi kwa Kichina, mwenye karakana ya kushona kule Kangle, alikubali kufumua majina bure, mradi aambiwe kabla kontena halijafungwa jioni. Dullah hataki.

— Fumua, bwana, alisema Nassor, tunayemwita Redio. Dar nani anamjua Veretenko?

— Watamjua.

— Mtu kastaafu!

— Kwani kastaafu ndio kafa?

Heriel wa Moshi akachomoa jezi moja kwenye robota lililosubiri gari pembeni yetu.

— Na hiki kiraka cha kiwiko?

— Sampuli ilikuwa nacho. Laobani nilimwambia atengeneze vilevile, katengeneza vilevile.

— Zote?

— Zote.

Tulicheka mpaka Bi Fathiya akamwaga kahawa.

— Msicheke, alisema Redio. Hicho kiraka nakijua. Alichanika akidaka penalti kwenye barafu, wakamshonea palepale golini.

— Mpira unaendelea?

— Unaendelea!

— Hiyo ndogo, alisema Heriel. Alipostaafu, kwao harusi ziliahirishwa. Timu yake ikaacha goli wazi mechi nzima kwa heshima, na wapinzani wakaona haya kufunga.

— Sasa mtu wa hivyo ndiye mnataka nimfumue? aliuliza Dullah.

— Huko kwao, ndugu yangu. Kwetu watu wananunua jezi ya mfungaji.

— Mfungaji anakosa mchana kutwa, akipata moja anabebwa. Kipa akikosea moja anatukaniwa mpaka mama yake. Nimedaka Morogoro mimi, nayajua. Sifumui hata herufi!

Hasna, aliyefika juzi kutoka Unguja kununua nguo za watoto, akaweka kikombe chini.

— Samahanini kaka zangu. Hizo timu mlizokuwa mkishangilia makwenu, makipa wao kina nani? Nitajieni mmoja tu.

Redio alifungua mdomo, akataja winga. Heriel akataja washambuliaji wawili na kocha. Mimi, Mungu anisamehe, nilimkumbuka mwamuzi. Dullah alikuwa katikati yetu, tumebanana naye magoti, anasubiri kama yupo atakayemtaja hata yeye. Hakuna aliyemtaja.

Akainuka, akampungia mkono dereva wa mizigo.

— Pakia! Zisipouzika nitazivaa mwenyewe, moja moja, mpaka mkome.