Watu Wasio na Nyuso Nyuma ya Ploti Yetu

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, kwa hivyo nikikwama mnisaidie na wimbo.

Mke wangu alipofariki, nilitoka kwetu Kianyaga nikapanga chumba hapa Nyeri mjini, karibu na ghala kuukuu la kahawa. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angenipa pole. Nawaambia, nilipapata! Siku zilipita bila mtu kusikia sauti yangu. Jirani wa chumba cha pili nilimjua kwa kikohozi chake tu. Pole pole nikaacha kula. Kifo sikukiogopa tena, nilikuwa nakingoja kama mtu anayengoja mgeni aliyechelewa.

Halafu vijana fulani wakaja kuchora ukuta wa lile ghala. Walichora watu wa kimo chetu, wamesimama kando ya njia, lakini nyuso hawakuwapa. Wakaondoka. Wapangaji wenzangu wa ploti wakasema huo ni mkosi, wakawa wanapita wakiangalia chini.

Mimi nikaangalia. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama, kiondo mgongoni, mkanda umepita kichwani, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Ndugu zangu, huyo alikuwa mke wangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipanda kilima kutoka shambani.

Niliogopa, nikawa napita njia ya mbali. Lakini asubuhi moja miguu ilinirudisha, nikaona rangi ya mkono wake imechakaa, inang'aa kama kitasa cha mlango kinachoshikwa kila siku. Ni nani alikuwa akimshika mke wangu mkono?

Kesho yake kulikuwa na ukungu wa Julai, ule unaomeza hata mlima. Nilikwenda nikipapasa ukuta. Nilipofika kwake, nikanyoosha mkono nimshike.

Mkono ulikuwa na joto.

"Ni nani?" sauti ikauliza.

Mnajua kwetu ukisikia sauti na humwoni mwenyewe, huitiki. Nikaanza Baba Yetu. Na ule ukuta nao ukaanza dua kwa Kiarabu! Mnacheka, lakini mimi nilikuwa natoka jasho kwenye baridi ile. Nikasema moyoni, leo nimefuatwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaki kwenda. Nilitaka kuishi, ndugu zangu. Nilitaka sana.

Kisha ukuta ukakohoa. Kikohozi kile!

"Wewe ni wa rumu ya pili?" nikauliza.

"Alhamdulillahi," akajibu. "Mimi nilidhani wewe ni jini."

Alikuwa mzee wa kuuza mbuzi, ametoka Nanyuki. Kwake yeye, yule mwanamke alikuwa dada yake marehemu, aliyemlea akibeba kuni hivyo hivyo. Kila asubuhi alikuja kumsalimia kwa mkono, na ule mkono wenye joto ulikuwa wake. Alinivuta hadi chumbani kwake, akaniwekea chai ya tangawizi na mkate. "Kula, mzee. Umekonda mpaka ukuta unakuonea huruma." Nikala. Nililia pia, sitawaficha.

Baadaye tukagundua hatukuwa peke yetu. Mama muuza viazi alikuwa na marehemu wake pale ukutani, na mlinzi wa ghala pia. Tulikuwa tukikwepana kwa aibu, kila mmoja akidhani amerukwa na akili. Siku hizi tunasimama pale pamoja, na asipoonekana mmoja, tunakwenda kumgongea mlango.

Mwezi uliopita vijana walirudi na rangi kumalizia nyuso. Waliniuliza, "Buda, huyu uso wake ulikuwa unakaa aje?" Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikataja jina lake kwa sauti, nikawaeleza macho yake, pengo la meno yake, yote. Kijana akachovya brashi. Nikamshika mkono.

Nikamwambia, "Mwache hivyo. Kuna mtu amehamia chumba cha mwisho, hasalimii mtu, na jana nilimwona amesimama mbele ya huyu mwanamke. Huenda naye ana mtu wake hapa."

Asanteni nyinyi wenzangu wa pale ukutani, mlionigongea mlango. Ninalowaomba ni moja: mkifika nyumbani, mgongeeni aliye karibu kabla hamjasikia kimya chake.