Vidole Vinne vya Nyasi

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi wa hospitali yetu; mganga mkuu, matroni, wafanyakazi wenzetu, na wagonjwa mnaotusikiliza kutoka madirishani:

Sisi watunza bustani saba, ambao sita tumesimama mbele yako, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umezoea kuiona migongo yetu, maana muda wote tumeinama. Leo tukikosea maneno utuvumilie.

HISTORIA YETU

Bustani hii ilipandwa na msimamizi wetu, tunayemwita Vidole Vinne. Hakuwa na rula. Alichuchumaa, akasimamisha kiganja ardhini, kidole kidogo chini, akahesabu vidole vinne kwenda juu. Nyasi zikivipita kwa vidole viwili, tunakata hivyo viwili. Zisipovipita, hakuna kugusa. Masika tulikata kila wiki, kiangazi tulikaa hata mwezi mzima. Ukishusha kisu cha mashine alikufokea hadharani: "We bwana, unakata nyasi au unanyoa kipara?"

Siku hizo tunazikumbuka mpaka roho inauma. Wagonjwa waliofunguliwa bandeji walijifunza kutembea hapa, ndala mkononi. Wazazi walitandika shuka wakawaotesha watoto jua la asubuhi. Harufu ya nyasi mbichi iliingia wodini ikaishinda ya dawa, na hata matroni, tunaomba radhi kwa kumtaja, alikuwa akivua viatu akidhani hatumwoni.

MAFANIKIO

Tumepata mashine mbili na mabuti. Tunashukuru sana.

CHANGAMOTO

Mwaka jana ulitoka waraka kwamba nyasi zikatwe kila Jumatatu. Sahihi iliyo chini yake tunaifahamu na tunaiheshimu. Fomu yake ina swali moja tu, "Zimekatwa?", wala haina nafasi ya kuandika kwamba hazijaota.

Hapo ndipo tulipokosea wenyewe. Kiangazi kilipokaza tuliogopa kuacha fomu wazi, tukasukuma mashine juu ya ardhi tupu. Vumbi likatimka mpaka kwenye kamba za kuanikia, na dobi akatoka mbio: "Jamani, mnakata nini hapo? Mashuka yangu!" Tulizima mashine. Tulijaza fomu: Zimekatwa. Tukafanya hivyo Jumatatu kumi na moja, hadi mizizi ikakaukia chini kwenye sehemu kubwa unayoiona.

Vidole Vinne hajui. Amelazwa kwa ajili ya mguu tangu kiangazi kilipoanza, wodi ya wanaume kule nyuma ambako sauti yetu haifiki, na kitanda chake kimeelekea ukutani. Kila asubuhi tukipita kumjulia hali anauliza, "Vingapi leo?" Nasi tunajibu, "Vinne, mzee." Anacheka, anajifunika shuka. Sisi tunatoka pale tukikwepana macho.

MAOMBI

Tunaomba waraka ubadilishwe, tukate kila wiki wakati wa mvua, na wakati wa jua tungoje nyasi zenyewe zidai. Kwenye fomu iongezwe nafasi ya neno "Bado".

Ombi la mwisho ni la haraka. Mvua imenyesha mara mbili, machipukizi yametoka pale mizizi iliposalimika, yamefika kidole kimoja. Daktari amesema baada ya wiki tatu mzee atatolewa nje kwa kiti cha magurudumu. Tunakuomba, kwa Jumatatu tatu zijazo, uturuhusu tusikate. Tunamfahamu: akifika pale hatasalimia mtu kwanza, atainama aweke kiganja chini. Tumemdanganya mtu aliyetufundisha kazi, na tunaona haya. Tusaidie akute vinne.

Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, na kila unapokanyaga pawe na ubichi.

Ni sisi, Watunza Bustani wa Hospitali. Tumesaini sita; nafasi ya saba tumeiacha wazi, mwenyewe atasaini akitoka wodini.