Pashedu na Mungu Aliyerudi Nyuma

Ndugu waombolezaji mliofika hapa mlangoni pa kaburi, mniwie radhi kwa usomaji mbovu mtakaousikia, kwani aliyepaswa kusoma ni kaka yetu mkubwa, sauti imemkauka kwa kilio, mkabakiziwa mimi Kenna, kitindamimba, niliyezoea kuwachekesha walevi kwenye sikukuu, basi nikiharibu, lieni kwa nguvu nisisikike.

Marehemu Pashedu alizaliwa hapahapa kijijini kwa wachonga makaburi, ng'ambo ya magharibi ya mto, siku ya tatu ya mwezi wa pili wa mafuriko, mwaka wa kumi na mbili wa mfalme aliyepita, akafundishwa kuandika na baba yetu, zaidi kwa fimbo kuliko kwa wino, na mwaka wa ishirini na sita wa mfalme huyohuyo akaingia kazini, akichonga wale mbawakawa wa jiwe wanaowekwa kifuani mwa maiti, ili moyo ukipimwa kwenye mizani ya Osiri, mungu wa wafu, ufunge mdomo, usimshitaki mwenyewe akanyimwa uzima wa huko.

Mwaka wa thelathini na mmoja alimwoa Wabet, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja, na kila siku ya mapumziko alipanda mlimani kujichimbia kaburi, akalipaka nyota darini kwa mkono wake.

Kaburi hilo ndilo lililomvunja, maana rangi ilipokauka tu, shemeji yake Hori alidai ni la babu yake, shauri likapelekwa kwa mungu wa kijiji kama ilivyo desturi, sanamu ikabebwa mabegani na wanaume wanne, wenzake wa kazini, ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana, Pashedu akauliza kama kaburi ni lake, na mungu akarudi nyuma mbio hadi akamkanyaga bata. Wabebaji wote wanne walikuwa wamekesha kwa Hori wakila nyama, naye Hori akasema, "Shemeji, mungu ameshasema, kusanya patasi zako," Pashedu akamjibu taratibu, "Mungu hana miguu, shemeji. Miguu ni ya hawa waliokula mkate wangu."

Tangu hapo mungu hakuonja tone la bia nyumbani mwake, sanamu ya sebuleni aliigeuza ikatazama ukuta, sadaka ya sikukuu akaila mwenyewe, bata kwa tini, na Wabet alipomkumbusha kwamba mizani inamngoja, alisema, "Nachonga mbawakawa wangu mwenyewe. Huyo hatanisaliti."

Aliugua kifua kwa vumbi la mawe, akafariki siku ya ishirini ya mwezi wa kwanza wa mavuno, mwaka wa nne wa mfalme wa sasa, mbawakawa akiwa kiganjani, na leo tunamlaza katika kona ya kaburi la jirani.

Tunamshukuru mganga kwa asali na vitunguu vyake, waliomkausha na kumfunga sanda, majirani mliojipaka udongo vichwani, na wenzake wa kazini waliobeba jeneza, hasa wale wanne, ambao leo wamekwenda mbele tu.

Kaka, tulia huko magharibi, mbawakawa yuko kifuani pako na moyo wako umenyamaza kama ulivyotaka, Osiri asingejua lolote la bia, la ukuta wala la bata kwa tini, kama nisingemsomea mimi, tena mlango ukiwa wazi.