Jina la Mokeira kwenye Hati

Mwalimu Nyangate, akiwa ndani ya matatu, alipitiliza kituo chake cha Ogembo makusudi, kwa sababu kwenye kiti cha mbele yake watu wawili walikuwa wakibishana juu ya nyumba, naye alitaka kusikia mwisho.

Mokeira na Ongeri walikuwa wameishi pamoja miaka tisa bila ndoa. Mkopo wa nyumba ulikuwa kwa jina la Ongeri, na hati pia.

“Matofali ya jikoni niliyabeba mimi, nikiwa na mimba ya binti yetu Kwamboka,” Mokeira alisema kwa upole. “Ukitangulia wewe, ndugu zako wataniuliza mimi ni nani.”

“Watakuuliza aje, na wanakuita shemeji?”

“Shemeji hajaandikwa popote.”

Ongeri alimfunika mabega kwa koti lake, maana dirisha lilikuwa halifungiki. “Basi twende kanisani tuoane.”

“Kanisani nitakuja kwa sababu nakupenda. Kwa hati nataka jina langu kwa sababu nilijenga.”

Nyangate alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba hakuna aliyemwuliza.

“Benki itakataa,” Ongeri alisema.

“Umewauliza?”

Ongeri aliyatazama mashamba ya chai nje ya dirisha. “Sijawauliza. Niliogopa ukishapata nusu yako, hutakuwa na haja na mimi.”

Gari lilikuwa linasimama Kenyenya. Mokeira alimrekebishia kola ya shati kabla ya kuinuka.

“Ongeri, miaka tisa nimeishi kwa nyumba isiyo yangu. Unafikiri nilikuwa nafuata nyumba?”