Mzee Mungai na Bogonvilia ya Langoni

Kwa miaka ishirini na minane, maua ya hosteli yetu hapa Spring Valley yamemsikiliza mtu mmoja tu, Mzee Mungai. Anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Machi 2007, na meneja wetu, Bwana Waithaka, hatimaye atajua kishikio cha mfereji kilienda wapi.

Mzee alianza mwaka wa 1979 kama mkata nyasi. Jua la Nairobi lilimpa mawaridi mwaka mzima, lakini kuna maua lisiyoyaweza. Mgeni mmoja alimletea vitunguu vya tulipu kutoka Uholanzi. Vilitoa majani mawili, vikangoja baridi kali ambayo haikuja, vikafa. Mzee alivizika kwa heshima, akapanda sukuma wiki juu ya kaburi.

Mimi Rael wa mapokezi nilifunga ndoa tarehe 17 Februari. Sikutaka maua mengine ila bogonvilia ya langoni, maana hapo ndipo Ngui wangu, mwanamume mzuri kuliko wote kuanzia Ngara hadi Mountain View, aliponiposa. Tangu Krismasi Bwana Waithaka, kwa wema wake, aliinyeshea kila jioni. Ikanenepa, ikawa kijani tupu, bila ua hata moja. Nililia mapokezi, mbele ya wageni.

Mzee akamwendea. "Meneja, hii maua ukiibembeleza sana inakupatia majani tu. Wacha ione kiu."

Meneja alimkumbusha kwamba yeye alisomea kilimo, akaendelea kumwaga maji. Kesho yake kishikio cha kufungulia mfereji wa bustani hakikuwepo. Meneja alituhoji mmoja mmoja, akamshuku hata paka wa jikoni. Mzee alimsaidia kutafuta kwa bidii sana, kishikio kikiwa mfukoni mwake. Mawaridi aliyanywesha kwa ndoo kutoka chumba cha dobi.

Wiki ya tano ya kiu bogonvilia yote ikalipuka maua. Niliingia kanisani nimejaa maua yake ya zambarau hadi kwenye nywele, na Ngui akatokwa na machozi. Anasema lilikuwa vumbi.

Nilimuuliza Mzee kama mume naye huachwa aone kiu. Akasema hapana, mume ni waridi, anataka maji kila siku. Nafuata maagizo, na Ngui anachanua.

Asante, Mzee wetu. Nenda ukapumzike, mvua ikukute kwako kwa wakati wake, na usimkatie nyasi mtu yeyote tena.

Bwana Waithaka, usimsumbue langoni. Kishikio ameniachia mimi.