Eucabeth Ghati na Bustani ya Mawe ya Rusinga

Marehemu Mwalimu Eucabeth Ghati alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 karibu na Kehancha, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gisiri na Mama Susana. Alikulia kwenye shamba ambako jembe hukutana na jiwe kabla ya udongo.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, akaendelea na sekondari mjini Migori, kisha akafuzu ualimu mwaka 1993. Alifundisha Magunga, halafu kisiwani Rusinga. Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na Cephas Ouma, fundi wa mashua, wakabarikiwa watoto wawili, Beverly na Wesley.

Rusinga mvua ni ya kubahatisha. Maua aliyopanda mbele ya nyumba yalikauka, na yaliyopona yakaliwa na mbuzi. Mwaka 2017 Beverly alimwonyesha kwenye simu bustani za Kijapani zisizo na maji wala maua: mawe yaliyozikwa nusu, yamezungukwa na changarawe iliyochorwa kwa reki mistari kama mawimbi.

"Hii mbuzi hataila," akasema Eucabeth.

Cephas alimchongea reki kwa mabaki ya mbao za mashua. Eucabeth aliweza kushinda na jiwe moja wiki nzima: analigeuza, anarudi nyuma, analitazama, analigeuza tena. Mama mkwe wake, Mama Dolphine, alipomwona ameketi akitazama mawe mchana kutwa, alimwita mchungaji aje kumwombea. Mchungaji, ambaye yuko nasi leo, aliketi naye kwenye benchi hadi jua likazama. Mama Dolphine alipomuuliza kama ameshaomba, alijibu, "Bado, Mama. Nitarudi kesho." Baadaye watu wa Homa Bay na Migori walimwita awatengenezee bustani kama hiyo.

Tarehe 6 Machi 2024 alianguka darasani. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Cephas alimlisha, alimwogesha, na kila asubuhi alimbeba hadi barazani. Kisha alishika reki akachora changarawe alivyodhani mkewe angependa.

"Mama Beverly, ni hivi?"

Machozi yakamtoka Eucabeth. Cephas hakujua kama amepatia au ameharibu. Alifuta, akachora upya. Machozi yakatoka vilevile. Alimpa kalamu katika mkono wa kushoto, lakini alichochora hakuna aliyeweza kukisoma. Hospitali zilijaribu, kanisa likaomba, na hakuna neno hata moja lililorudi.

Alifariki Jumamosi, tarehe 10 Januari 2026, alasiri, barazani, Cephas akiwa amemshika mkono.

Hema hili limesimama juu ya bustani yake kwa sababu boma halina nafasi nyingine. Jana Cephas alianza kuwaomba vijana wasikanyage changarawe, kisha akaacha. Kando ya ua kuna jiwe jeusi ambalo Eucabeth alilileta kutoka kwao Kehancha wiki ile aliyougua. Hakuna hata mmoja wetu anayejua alitaka likae wapi.

Ameacha mumewe Cephas, watoto wake Beverly na Wesley, mama yake mzazi Susana, mama mkwe Dolphine, ndugu zake, na wanafunzi wa miaka mingi.

Mungu ampe pumziko jema, na sisi tusiojua la kufanya, atushike.