Selotepu ya Fundi Boila

Beomsu, fundi wa boila za gesi za kupasha nyumba joto, alikuwa kwenye basi la kutoka Wonju, mkoba wa vifaa mapajani, akiwasikia wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Mama mkwe kazinduka, lakini hanijui tena," alisema mmoja. "Fundi gani anaunga bomba la moshi kwa selotepu? Limechomoka, moshi ukajaa ndani."

"Pole, dada. Lakini si mkweo alikuwa kaziba madirisha yote kwa nailoni?"

"Baridi hii, nani hajaziba? Wewe hujaziba?"

"Nimeziba. Ila fundi wangu alitia gundi, akasubiri ikauke."

"Basi una bahati. Wa kwetu alikuwa na haraka."

Basi liliposimama, bado wanabishana, Beomsu alishuka, akavuka barabara kusubiri basi la kurudi kwa bibi aliyemfungia boila asubuhi, bomba akiliunga kwa selotepu. Yule bibi naye alikuwa ameziba madirisha yote.